Ruta Juu ya Bati

Niliwahi kuipandisha intaneti ya nyumba yangu juu ya mlingoti, nikaifunika beseni la kufulia, kisha nikaingia ndani kuisubiri ishuke. Nalisema hili mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele nitahitaji utulivu wake. Mke wangu alicheka siku tatu. Siku ya nne alinyamaza kidogo, nikadhani amechoka, kumbe alikuwa anavuta pumzi.

Kosa kama hilo halidondoki tu kutoka mawinguni. Lina malezi yake. Mimi nilikuwa mtoto wakati wa ruksa, ile miaka biashara zilipofunguliwa na kila aliyekuwa na alizeti za kuuza akarudi nyumbani na kitu chenye waya. Baba yangu alirudi na televisheni iliyokwisha kutumika na watu wengine, yenye kioo kilichotuna kama tumbo la mtu aliyeshiba ugali. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu uani, na mti huo nikakabidhiwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuuzungusha huku baba akipiga kelele kutoka sebuleni.

"Kulia! Siyo huko, kulia! Rudi. Rudi kidogo. Hapo hapo! Usipumue!"

Mpira mzima niliusikia kwa masikio, nimekumbatia mti. Picha ilipozidi chenga, baba aliunganisha mti mwingine juu ya ule wa kwanza, na picha ikatulia. Hapo nikajifunza somo moja ambalo halikunitoka tena: ukitaka mawimbi, panda juu. Somo la mawimbi la darasani lilinitoka lote. Fizikia ya kidato cha nne nilipata alama ambayo mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini, kwa heshima ya wazazi wangu.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa aina hiyo alijikuta anapanga mtandao wa nyumba.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa kujisifu wala kwa aibu, ni kama mtu anayesema ana miguu mifupi. Mnada wa Ikungi uko karibu tu, lakini nikienda narudi nimechoka kana kwamba nimetoka ng'ambo. Manyoni nimekwenda mara mbili, zote harusini, na moja ilikuwa yangu. Kwa bahati nilipata kazi inayolingana na maumbile haya: ofisi moja ya Dodoma ilikuwa inanitumia sauti za mikutano, mimi nazisikiliza na kuziandika. Mwanzoni sauti zilikuja ndani ya flashi, kwenye bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi. Niliifuata stendi, nikarudi mbio nyumbani Mandewa, hapa Singida, nikafunga mlango. Miaka ikaenda hivyo, mimi na kikombe changu cha chai, nikiwasikiliza watu wakigombania posho za vikao.

Kisha mkuu wetu, mama mmoja mwenye sauti isiyopenda maneno mengi, akapiga simu.

"Kuanzia Jumatatu ya mwezi ujao," alisema, "kazi zote zinapita mtandaoni, na kila siku saa mbili asubuhi tunaonana kwenye kioo. Atakayekuwa anakatikakatika, meza yake ipo hapa ofisini."

"Hapo ofisini wapi, mkuu?"

"Dodoma. Kwani ofisi imehama?"

Nilimweleza mke wangu nikiwa nimeshika ukuta. Yeye ni mtu wa Manyoni, amekulia karibu na reli, na kwake safari ni kitu cha kawaida kama chumvi.

"Dodoma? Wewe?" aliniuliza. "Utalala na nani?"

"Na mto wangu."

"Na asubuhi nani atakwambia shati umeligeuza?"

Nilijikagua: siku hiyo pia nilikuwa nimeligeuza. Lakini nilimwona alivyopunguza moto chini ya sufuria bila sababu, akauongeza tena. Hakutaka niende. Mimi nisingeweza kwenda. Tukawa na wiki mbili.

Kwa bahati nguzo za faiba zilikuwa zimeshafika mtaani kwetu. Fundi aliyekuja alikuwa dada mmoja mpole, mwenye ngazi ndefu kuliko maneno yake. Akavuta waya mwembamba kutoka kwenye nguzo, akaingiza sebuleni, akaweka ruta juu ya meza ya televisheni. Mzunguko wa waya uliobaki akauning'iniza ukutani kwa adabu. Pale sebuleni mtandao ulikuwa mzuri, mistari yote imejaa. Tatizo ni kwamba mimi sifanyi kazi sebuleni. Sebuleni kuna watoto, kuna televisheni, kuna shemeji anayepita kusalimia na kukaa mpaka chakula cha mchana.

Na hapa ni lazima niieleze nyumba yenyewe. Katikati yake kuna tembe la baba, la miti na udongo, ukuta wake mnene kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Baba alipopata hela akaongeza vyumba vya matofali ya kuchoma upande wa mbele. Mimi nilipopata vihela nikaongeza kimoja upande wa nyuma, ndicho cha kufanyia kazi. Juu ya vyote tukapiga dari na bati moja refu. Ukiingia mbele ukatokea nyuma, unapita vizazi viwili. Tembe sasa ni stoo, na magunia ya alizeti na uwele yamepangwa humo mpaka karibu na dari.

"Kabla hujahamisha kitu," fundi alisema akikunja ngazi, "tembea na simu chumba kwa chumba. Andika kila mahali unapata mistari mingapi. Ukimaliza nipigie, tupange waya upite wapi."

Mtu mwingine angetembea na simu. Mimi nilikaa. Nilichana kalenda ya mwaka uliopita, nikachora nyumba yetu nyuma yake kwa rula, milango na madirisha, hata banda la kuku. Ilipendeza kweli. Kisha nikachukua sahani ya wali, nikaiweka kichwa chini juu ya sebule, nikaizungushia kalamu: hayo ndiyo mawimbi ya ruta. Mduara ukaishia stoo. Nikabadilisha, nikaleta sinia. Sinia likafunika nyumba nzima, pamoja na chumba changu na choo cha nje. Nikaegemea kiti nikiwa nimeridhika. Kumbe jambo lenyewe dogo: mawimbi yangu yana ukubwa wa sahani, nayahitaji yawe ya sinia. Na mawimbi hukuzwaje? Mkono wangu wenyewe ulikumbuka ule mti wa baba.

Sikumpigia fundi. Kwa nini nimsumbue mtu?

Nilitafuta bomba la chuma lililobaki kwenye pampu ya zamani, nikalisimamisha kwenye pembe ya nyumba, likapita bati kwa urefu wa mtu mzima. Ule mzunguko wa waya uliobaki nikaufungua, nikaupitisha dirishani kama mtu anayevuta utumbo wa kuku. Umeme nikautoa kwa waya wa kurefushia. Ruta nikaifunga kwa mpira wa tyubu, juu yake beseni la bluu kuzuia mvua na vumbi. Na upepo wa Singida mnaujua. Beseni lile lilianza kuvuma kama nyuki kabla sijashuka ngazi.

Jirani yetu alikuwa amesimama kwenye ua wake, ungo mkononi, ananitazama. Huyu bibi alikuwa mkunga wa zahanati mpaka alipostaafu, na nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, mimi nikiwemo. Mtu aliyekushika kichwa chini miguu juu siku yako ya kwanza duniani hawezi kukuogopa ukubwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto, unaanika nini huko juu?"

"Mtandao, bibi."

"Ulilowa?"

Nilicheka kwa ukarimu wa mtu aliyefanikiwa. Nikaomba simu yake, nikamwingizia neno la siri kwa mkono wangu, ili naye aonje. Mara simu ikalia, mistari imejaa yote, na wajukuu zake walioko Mwanza wakatokea kwenye kioo wakimpungia. Bibi akaketi palepale juu ya kinu kilicholala. "Ee," alisema. "Kumbe una akili." Nilikumbuka neno hilo kwa uchungu baadaye, kwa sababu halikurudiwa.

Niliingia ndani. Chumbani kwangu hapakuwa na kitu. Nikaenda sebuleni, ambako jana mistari ilijaa. Mstari mmoja, nao unakuja na kuondoka kama mgeni rasmi. Nikakaa kusubiri.

"Unasubiri nini?" mke wangu akauliza.

"Inachukua muda kushuka."

"Inashuka kwa ngazi ipi?"

Hapo ndipo kicheko cha siku tatu kilipoanza.

Wiki ile niliifanyia kazi yangu uani kwa jirani. Mimi, mtu wa nyumbani, nikawa natoka kila asubuhi na kompyuta kwapani kwenda kukaa kwa watu, kwenye benchi lililoelekea banda la kuku, kwa sababu hapo ndipo mtandao wa nyumba yangu ulikuwa unaishi. Bibi hakunifukuza, ila kwake hakukai mtu bure. "Masikio ndiyo yanafanya kazi, mikono je?" alisema, akanipa ungo wa choroko nichambue. Nilisikiliza kikao cha bajeti nikitoa mawe. Alipotaka kunicheka kabisa alihamia Kinyaturu, akimwambia mke wangu kwa juu ya uzio, kana kwamba mimi lugha ya mama yangu nimeisahau.

Alhamisi mkuu akatupigia wote kwa kioo, kujaribu mitambo. Nilifuta vumbi kwenye shati, nikajiweka sawa kwenye benchi. Picha ilikuwa safi. Nilianza kusalimia, na jogoo wa bibi akaona ni zamu yake. Akawika. Mwenzake wa nyumba ya pili akamjibu. Upepo nao ukaingia kwenye kipaza sauti.

"Wewe upo wapi?" mkuu akauliza.

"Nyumbani, mkuu."

"Nyumbani kwa nani?"

Wenzangu wote walicheka isipokuwa yeye. "Sikiliza," alisema, "mteja akisikia hivi atatuuliza kama tunafuga. Jumatatu nikukute chumbani, kimya, hukatiki. Isipowezekana, Jumanne panda basi."

Nilirudi kwa miguu mizito, ingawa safari ilikuwa ya uzio mmoja. Mke wangu hakucheka siku hiyo. Alinipa simu yangu, namba ya fundi imeshatafutwa, imebaki kubonyeza tu.

Fundi alifika Ijumaa. Alisimama uani akiangalia juu, mikono kiunoni, beseni likimvumia.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Afadhali," alisema. "Ningesikia mmeshauriana watu wawili ningeogopa."

Aliposhuka na ruta yangu mkononi alinionyesha bati kwa kidole. "Mawimbi hayapiti bati. Bati kwa mawimbi ni kama mwavuli. Wewe umepeleka mvua juu ya mwavuli, halafu umekaa chini unasubiri ulowe." Akapita ndani, akatembea na simu chumba kwa chumba, kile kitu alichoniambia nifanye mimi. Alipofika stoo alipiga ukuta wa tembe kwa kiganja, akatazama magunia.

"Hapa ndipo yanapokufa. Ukuta, magunia, ukuta tena. Hata mimi nisingepita."

"Tutoboe?" nikauliza, nikiukinga ukuta kwa kiganja. Ukuta ule baba aliukandika kwa mikono yake, na sehemu moja chini ya dirisha alama za vidole bado zipo.

"Hakuna haja ya kutoboa wala kuhamisha magunia. Tunapita juu yake." Akanieleza taratibu: ruta hii itakaa kwenye korido ya mbele, katikati ya vyumba, siyo kwenye kona ya sebule. Kutoka hapo waya wa mtandao utapanda, utapita darini juu ya tembe, utashuka chumbani kwangu kwenye ruta ya pili ndogo. Mawimbi yasiyoweza kupita ukuta, yatabebwa na waya mpaka upande wa pili, yakaanzie huko. Ilikuwa wazi kiasi kwamba niliona haya kwa niaba ya sinia.

"Basi nipimie urefu wa waya," alisema. "Nikate dukani, kesho nije nao."

Nilipima mwenyewe, kwa hatua, kutoka korido mpaka mezani kwangu. Nikazunguka kwa milango, nikahesabu mara mbili, nikampa hesabu kwa simu kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Jumamosi akaja, akapanda darini, akasukuma waya, akashuka upande wangu, akavuta. Waya ukaishia hewani, juu ya mlango, kwa kimo cha mtu kutoka mezani. Ukaning'inia pale kama mkia.

Fundi aliutazama waya, akanitazama mimi. "Ulipimaje?"

"Kwa hatua."

"Ulipima sakafu. Waya hautembei kwa miguu, kaka. Unapanda ukuta, unapita juu, unashuka ukuta. Kupanda na kushuka uliviweka wapi?"

Nilikuwa sijaviweka popote. Katika ramani yangu nzuri ya kalenda nyumba ilikuwa imelala chini kama mkeka. Haikuwa na kimo.

Mke wangu alikuwa mlangoni wakati wote huu. Aliondoka, akarudi na bunda la uzi wa kushonea magunia. Akamfunga fundi ncha moja kidoleni, akamwambia, "Dada, pita unakotaka waya upite." Fundi akapanda, akatambaa, uzi ukimfuata, mke wangu akiulegeza kidogo kidogo na kupiga fundo kila penye kona. Uzi ulipotokea chumbani kwangu na kufika mezani, akauongezea urefu wa mkono wake, ndipo akaukata kwa meno.

"Huo wa ziada wa nini?" nikauliza.

"Wa wewe," alisema. "Utahamisha meza."

Fundi aliukunja uzi ule akautia mfukoni. "Hii ndiyo ramani," alisema, na hakuniangalia, kwa huruma.

Jumapili baada ya ibada alirudi na waya mpya. Safari hii ulifika, ukapinda, ukakaa. Jioni nilitembea na simu chumba kwa chumba, kwa utiifu wa mwanafunzi aliyerudia darasa, nikaandika: korido mistari yote, chumba cha kulala yote kasoro mmoja, stoo miwili, chumbani kwangu yote, imejaa, imetulia. Mke wangu aliomba kuona karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia yake. Nikajua hata yeye alikuwa anaogopa.

Jumatatu, saa mbili kasoro, nilikuwa nimeshakaa. Shati halikuwa limegeuzwa, lilikaguliwa. Nyuso zilianza kutokea kwenye kioo moja moja, kama watu wanaofika msibani, wakijibana kwenye viboksi vyao.

"Mwenzetu wa Singida, upo?"

"Nipo, mkuu."

"Sema tena."

"Nipo hapa hapa nyumbani."

Akanikazia macho. Akaniuliza kazi ya juzi imefika wapi, nikamjibu. Akaniomba nisome ukurasa mzima kwa sauti, nikausoma, na nilipoinua kichwa wote walikuwa bado wananitazama, hakuna aliyeganda mdomo wazi. Kimya cha tembe kilikuwa kinafanya kazi kwa niaba yangu. Ukuta uliokataa mawimbi ulikuwa unakataa pia kelele za watoto. Mkutano ukaenda mpaka mwisho.

"Sawa," mkuu akasema. "Wewe baki huko huko. Meza yako tunampa mwingine."

Sijawahi kunyang'anywa kitu nikafurahi vile. Mke wangu, aliyekuwa amejibanza nje ya mlango, aliziba mdomo kwa khanga. Na kabla sijaaga, hodi ikapigwa na kuingia kwa pamoja. Bibi jirani alikuwa chumbani, simu yake ameinyanyua juu kama taa.

"Wewe mtoto, tangu Ijumaa wajukuu zangu hawaonekani! Mtandao umeupeleka wapi?"

"Bibi," nilinong'ona, "nipo mkutanoni."

"Shikamoo, bibi," mkuu akasema kutoka Dodoma, na wenzangu wote wakafuatia, shikamoo juu ya shikamoo.

Bibi akainama kukagua kioo, uso kwa uso. "Marahaba, marahaba. Ndio ninyi mliotaka kumhamisha huyu?"

"Ndio sisi, bibi. Lakini tumeshaamua, tunamwacha."

Bibi akaitazama ruta mpya ukutani, akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka chini, akawarudia wao.

"Mngemchukua yeye," alisema, "mkatuachia mtandao."